Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Wanafunzi Wanapowakinga Wenzao na Ulevi



Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona tu tukitoka ibadani, maana tunaona aibu kulisema kwa sauti. Nalo ni watoto wetu wa shule na vilevi: pombe, gongo, sigara, ugoro, bangi, mirungi, na katika miji yetu ya pwani hata unga. Hatukusudii kuwaogofya. Tunataka kuwasimulia yale tuliyoyaona hapa Kerenge, wilayani Korogwe, katika kazi yetu ya uuguzi na katika kujitolea kwetu kanisani. Tutawasimulia pia kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili ninyi msilirudie.

USIKU WA IJUMAA

Ilikuwa Ijumaa, wakati wa masika, nasi tulikuwa zamu ya usiku. Mnamo saa tatu wavulana wanne walifika wamembeba mwenzao, mwanafunzi wa kidato cha pili. Mwili ulikuwa wa baridi na nguo zimelowa. Alipumua polepole mno, akitapika bila kuamka.

Tukauliza, "Amekunywa nini?" Wakanyamaza. Tukauliza tena. Mkubwa wao akajibu, "Ni malaria, mama. Imempanda kichwani."

Harufu ya gongo ilikuwa imejaa chumba kizima. Tulijua anasema uongo, naye alijua kwamba tunajua. Lakini muuguzi hatibu kwa kunusa tu. Dawa ya malaria haimsaidii aliyekunywa gongo, na aliyekunywa gongo peke yake si sawa na aliyechanganya gongo na kitu kingine. Dakika zilikuwa zinapita.

Mdogo wao ndiye aliyeanza kulia. Akasema, "Mama, tukisema, tutafukuzwa shule?"

Tukamjibu, "Hapa ni mahali pa wagonjwa, mwanangu, si ofisi ya mwalimu mkuu."

Ndipo akaeleza. Walikuwa wamekunywa gongo, na mwenzao akaongeza vidonge vya usingizi alivyovichukua kwa bibi yake. Gongo na vidonge vya namna hiyo vikikutana mwilini, hulaza ile sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Tukamlaza ubavu, tukampima sukari, nayo ilikuwa imeshuka sana. Tukamtundikia dripu ya sukari, tukaita gari, akapelekwa hospitali ya wilaya. Alipona, tunamshukuru Mungu.

Lakini kuna jambo lililotukosesha usingizi siku nyingi. Mtoto yule alizimia tangu saa kumi na mbili jioni. Kwa saa tatu nzima wenzake walikaa naye shambani, mvua inanyesha, wakibishana ni nani atakayesema. Walijua kwamba yu hatarini na njia ya kuja kwetu waliijua. Walichokosa ni mtu mzima wa kumwamini.

KOSA LETU

Miaka miwili kabla ya usiku ule, tulikwenda katika shule ya watoto hao tukaanzisha kikundi cha kupinga ulevi. Tulibeba picha za mapafu na maini yaliyoharibika, tukafundisha kwa bidii. Walikuja wanafunzi kama thelathini.

Kisha sisi watu wazima tukawaza jambo ambalo tuliliona la hekima. Tukaweka kisanduku. Tukawaambia, "Ukimjua mwenzako anayevuta au kunywa, andika jina lake utumbukize humu, ili tumsaidie." Majina yakaingia. Nasi tukayapeleka kwa uongozi wa shule, tukidhani tumetimiza wajibu.

Kijana mmoja katika hao alichapwa mbele ya wenzake mstarini, akasimamishwa masomo. Hakurudi tena. Alikwenda kutafuta kazi ya kukata mkonge, na baadaye tukasikia yuko Tanga mjini. Mama yake tunaimba naye kwaya moja. Hutusalimu kwa adabu kila Jumapili, lakini tangu siku ile hajapita nyumbani kwetu.

Kikundi kilikufa juma lile lile. Nani angekuja tena? Watoto walikuwa wamejifunza somo moja tu kutoka kwetu: anayefungua kinywa mbele ya mtu mzima anamuuza mwenzake. Wale wavulana wanne waliokaa mvuani saa tatu walikuwa wamelishika somo hilo barabara.

RAFIKI NDIYE MLANGO

Wazazi wengi humwonya mtoto dhidi ya mgeni asiyemjua atakayempa peremende yenye dawa. Si vibaya kuonya. Lakini katika miaka yetu yote ya kazi, kila tulipomwuliza kijana kwa upole, "Mara ya kwanza alikupa nani?" jibu halikuwa mgeni. Alikuwa rafiki wa darasani, kaka, binamu, au mjomba aliyemwonjesha kwenye harusi. Wazee walisema kweli kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Tena tukumbuke umri wao. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25, na sehemu inayochelewa zaidi ni ile ya kupima hatari na kujizuia. Kwa kijana wa miaka kumi na mitano, kuchekwa na wenzake leo ni jambo zito kuliko ugonjwa wa ini wa miaka ishirini ijayo. Ndiyo maana picha zetu za maini hazikumzuia mtu.

Si sisi peke yetu tuliojifunza hivyo. Huko Marekani, mwaka 1983, polisi wa mji wa Los Angeles walianza mpango uitwao D.A.R.E. wa kwenda madarasani kuwaonya watoto juu ya dawa za kulevya, nao ukaenea nchi nzima. Watafiti walipochunguza baadaye, waliona kwamba watoto waliofundishwa na wale ambao hawakufundishwa walitofautiana kidogo sana. Nchi ndogo ya Aisilandi ilishika njia nyingine. Mwaka 1998, vijana 42 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 walisema kwamba wamelewa katika siku 30 zilizopita. Kufikia mwaka 2016 walikuwa 5 tu. Huko wazazi walipatana saa za watoto kuwa nyumbani, vijana wakapewa michezo na muziki baada ya masomo, na sheria za kuwauzia vilevi zikakazwa. Yaani mtoto alizungushiwa watu na kazi za kufanya, hakuachiwa maonyo peke yake.

Na hapa kwetu serikali haikukaa kimya. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilifuatwa na nyingine ya mwaka 2015 iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Tarehe 1 Machi 2017 pombe ya viroba ilipigwa marufuku, nasi akina mama tulishangilia, maana kiroba kilikuwa kinaingia kwenye mfuko wa sare ya shule bila mtu kujua. Aidha, Mamlaka hiyo imeungana na TAKUKURU ili klabu za wapinga rushwa zilizomo mashuleni zifundishe pia juu ya dawa za kulevya. Hili ni jambo jema, kwa kuwa klabu ni ya wanafunzi wenyewe. Lakini klabu yoyote itaishi au itakufa kwa jinsi sisi watu wazima tunavyoingia ndani yake.

WALIVYOANZA UPYA

Majuma mawili baada ya usiku ule, wale wavulana wanne walikuja kwetu pamoja na wasichana watatu. Wakaamkia, wakakaa, wakatazamana. Kisha msichana mmoja akasema, "Mama, tunataka kuanza tena kile kikundi. Lakini tuna masharti."

Walikuwa wameyaandika kwenye karatasi ya daftari:

1. Hakuna jina la mtu litakaloandikwa mahali popote.

2. Mtu akieleza shida yake, hakuna kumcheka wala kuitoa nje.

3. Mwenzetu akiwa hatarini, anapelekwa kutibiwa kwanza. Maswali baadaye.

4. Hakuna anayerudi nyumbani peke yake siku ya gulio.

5. Mtu mzima anakuja akialikwa.

Sharti la tano lilituuma kidogo, tunakiri. Tulilikubali.

Kazi ilikuwa kwa mwalimu mkuu. Aliuliza swali la haki: "Nikinyamaza, si nitakuwa nimeruhusu bangi shuleni?" Tukazungumza naye mara tatu. Mwishowe tukapatana kwamba anayeuza au kuleta kilevi shuleni atashughulikiwa kwa taratibu za shule kama kawaida. Lakini mwanafunzi anayekuja mwenyewe kuomba msaada, au anayemleta mwenzake aliyezidiwa, hataadhibiwa kwa kusema ukweli. Mwalimu mkuu akalitangaza hilo mstarini, pale pale alipochapiwa yule kijana.

Kikundi hukutana Jumatano baada ya masomo. Wamo vijana wa UKWATA na wamo wanafunzi wa Kiislamu, maana gongo haiulizi dini ya mtu. Hufanya maigizo: mmoja anashawishi, mwingine anajifunza kukataa bila kugombana. Wamegundua majibu ambayo sisi tusingeyafikiria. "Kesho nina mechi." "Mama ameniona nikija huku." Na lile wanalolisifu kuliko yote ni la mtu wa tatu anayepita na kusema tu, "Wewe, twende zetu," akamshika mwenzake mkono wakaondoka. Wanasema kukataa ukiwa peke yako ni kazi ngumu, bali mkiwa wawili ni rahisi. Ndivyo anavyotufundisha Mhubiri pia juu ya mtu aangukaye asiwe na wa kumwinua.

Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hupewa kaka au dada wa darasa la juu wa kumtazama katika miezi yake ya mwanzo, maana hao wageni ndio wanaotafuta marafiki kwa bei yoyote. Wana bustani ya mchicha, na fedha yake hununua mpira. Siku ya gulio hurudi kwa makundi, wakipita vilabuni bila kusimama.

Siku moja walitualika tuzungumze na wasichana. Tulikuwa tumejiandaa kueleza madhara ya pombe kwa mwili wa mwanamke. Binti mmoja akainua mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, sisi hatupewi soda wala pombe bure." Wengine wakainamisha vichwa. Tukaliacha somo tulilokuja nalo, tukazungumza hilo mpaka jua likazama. Akina mama, tulisikie neno hilo. Kwa binti, kinywaji cha kupewa mara nyingi kina deni lake, na deni hilo ndilo linalomletea mimba na magonjwa.

SWALI LILILOTUNYAMAZISHA

Mwaka uliofuata kikundi kiliomba kuzungumza na umoja wetu wa akina mama kanisani. Tukawapa nusu saa. Mvulana mmoja alisimama akasema, "Shikamooni mama zetu. Mnatuambia tusinywe. Lakini pombe inapikwa nyumbani kwetu, na sisi ndio tunaotumwa kuipeleka."

Kanisa lote likawa kimya. Kisha mama mmoja, mwenzetu tunayempenda, akasimama. Anapika pombe ya kienyeji, na wengi wetu tunajua. Akasema, "Serikali imeondoa ada, ni kweli. Lakini sare, daftari na mchango wa chakula vya huyu mwanangu vimetoka kwenye pipa lile. Nikiacha leo, kesho nitamvika nini?"

Hakuna aliyethubutu kumhukumu. Mahindi yalikuwa yameungua na jua mwaka ule. Na tulishangaa kwamba wanafunzi nao hawakumhukumu. Hawakumwambia aache. Waliomba mambo matatu tu: wasitumwe kununua wala kupeleka pombe na sigara, wasionjeshwe pombe ili kujua kama imeiva, na wasihudumie wateja usiku.

Tukakubaliana mambo hayo matatu. Tuseme ukweli, si wote walioyashika. Wako wanaomtuma mtoto mpaka leo. Lakini mama yule ameyashika, na sasa yumo katika kikundi cha kuweka na kukopa ili apate mtaji wa biashara nyingine. Tukumbushane pia kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwuzia mtoto sigara, pombe na vilevi vingine, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18.

MAMA, UFANYE NINI?

Kwanza, wajue marafiki wa mwanao kwa majina. Waite wale chakula kwako. Mtoto ambaye rafiki zake wanakuamkia njiani ana watu wa kukuletea habari siku atakapoanguka.

Pili, tazama mabadiliko. Macho mekundu, kulala ovyo au kukesha, kukosa hamu ya kula, fedha na vitu kupotea nyumbani, kubadili marafiki ghafla, kushuka darasani. Dalili moja peke yake si ushahidi, maana hata huzuni huleta hayo. Zikiwa nyingi, keti naye.

Tatu, usimpekue wala kumwaibisha mbele ya watu. Chagua saa ya utulivu, labda mnapochambua maharage, umwulize kwa upole. Ukimsikiliza mara ya kwanza bila kupiga kelele, atarudi mara ya pili.

Nne, fungia dawa za nyumbani. Vidonge vya usingizi, vya maumivu makali na dawa za kifafa visikae juu ya kabati.

Tano, ijue huduma ya kwanza. Ukimkuta mtu amelewa na haamki, mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Usimtapishe, usimmwagie maji ya baridi, usimnyweshe kitu, wala usimwache peke yake "alale pombe imtoke." Mpeleke kutibiwa mara moja, na chupa au pakiti ya alichotumia uichukue. Gongo wakati mwingine huwa na sumu iitwayo methanoli. Dalili zake huweza kuchelewa hata siku nzima: kichwa kuuma sana, tumbo kuuma, macho kuona ukungu. Aliyekunywa gongo jana na leo haoni vizuri yu hatarini kupofuka au kufa. Asingoje.

Sita, ujue pa kuuliza. Simu ya bure ya Mamlaka ya dawa za kulevya ni 119, na ya huduma kwa mtoto ni 116. Kwa aliyenaswa na unga, iko tiba ya methadoni. Ilianza hapa nchini mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili, na siku hizi kwa mkoa wetu inatolewa Bombo, Tanga. Anayetumia unga ni mgonjwa, naye hutibiwa.

Saba, kikundi cha wanafunzi kikianza shuleni kwa mwanao, kisaidie. Changia mpira, mbegu, au chumba cha kukutania. Lakini usikigeuze kiwe cha kukuletea majina. Tukiwafanya watoto wetu wapelelezi, tutajua mambo ya juma moja, kisha hatutajua kitu tena.

NENO LA MWISHO

Tusingependa mdhani kwamba mambo yote yamenyooka. Muhula uliopita wanafunzi wawili waliacha shule kwa sababu ya bangi, na kikundi hakikuweza kuwarudisha. Lakini mara mbili tangu waanze upya, mwanafunzi aliyezidiwa ameletwa kwetu na wenzake. Mara zote mbili waliingia mlangoni wakitaja alichokunywa kabla hatujauliza, na mara zote mbili hawakuchelewa hata nusu saa.

Na yule kijana aliyechapwa? Miezi michache iliyopita alikuja Kerenge kumsalimu mama yake. Siku hizi anaendesha bodaboda. Tulikwenda nyumbani kwao bila kualikwa, tukamwomba radhi, yeye na mama yake. Alitusikiliza akitazama chini. Akasema, "Nimesikia, mama." Hakuongeza neno, nasi hatukumdai zaidi. Mama yake alitusindikiza mpaka barabarani.

Wanafunzi waliposikia wakamtumia salamu kwamba akipenda aje Jumatano moja azungumze nao. Bado hajajibu. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na watoto hawa wanamngojea awe kidole kingine. Mwombeeni, nasi tuombeeni.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.